Wembe wa Ilmari

Ilmari Keto alikuja kwa miguu, wembe mfukoni, kofia kaishusha mpaka kwenye nyusi. Kabla hajabisha hodi, Saimi alikuwa ameshamwona kupitia dirisha la jikoni. Jua la Aprili lilikuwa kali, theluji ya mwisho ikidondoka matone matone kutoka kwenye paa, na mji mzima wa Kivisalmi ulikuwa umepoa kama nyumba yenye matanga.

Saimi alishikwa na furaha na hofu kwa pamoja. Furaha, kwa sababu katika mji ule mwanamume anayekuja kwako na wembe wake amekuja kwa mapenzi tu. Hofu, kwa sababu Ilmari alikuwa bado hajajua.

Kivisalmi hakuna asiyeijua habari ya wembe. Halla, timu ya mpira wa magongo wa barafuni, ikishaingia kwenye mtoano, wachezaji hawagusi ndevu zao. Huziacha ziote zinavyotaka mpaka siku watakapobeba kombe au watakapotolewa. Na siku hiyo ikifika, mchezaji hajinyoi mwenyewe. Huchukua wembe wake akaenda kwa mtu anayempenda kuliko wote, akakaa kitini, akainua kidevu. Wengi huenda kwa mama zao na kwa wake zao. Akinyolewa na mchumba, watu huhesabu posa imeshajibiwa. Mwaka uliopita Ilmari alinyolewa na mama yake, na kiangazi hichohicho mama wa watu akazikwa. Mwaka huu alitamka mbele ya wenzake wote, bila aibu, kwamba wembe wake ni wa Saimi.

Na msimu wenyewe ulikuwa na mambo. Hakuna aliyeitegemea Halla. Walianza kwa kupigwa mfululizo, Krismasi ikawakuta mkiani, wazee wa klabu wakawa wanamtazama kocha kwa jicho la pembeni. Wakaingia kwenye mtoano kwa kuponea chupuchupu, nafasi ya mwisho kabisa, kwa bao la Ilmari. Kisha wakawatoa vinara wa ligi. Wakawatoa na waliofuata. Mji ukashikwa na wazimu. Mchungaji alifupisha mahubiri ili watu wawahi uwanjani, na kule chekechea anakofundisha Saimi, watoto walijichora ndevu kwa kalamu nyeusi, wasichana kwa wavulana. Fainali ikafika mechi sita, kila upande umeshinda tatu, ikabaki moja ya kukata mzizi wa fitina.

Katika mechi hiyo ya sita beki mmoja pande la mtu alimkumba Ilmari, kichwa kikagonga ubao wa pembeni. Akaanguka kwenye barafu, akainuka, akamaliza mchezo. Uwanja mzima ulisimama kumshangilia. Saimi peke yake ndiye aliyemwona baadaye nyumbani kwake, amepiga magoti kwenye chumba cha kuvulia nguo cha sauna, bafu lake la mvuke, anatapika. Na ni yeye peke yake aliyemsikia akiuliza kwa nini mama yake hajapiga simu kumpongeza.

Alipotulia alimshika Saimi mikono yote miwili. Alimwambia ni mechi moja tu iliyobaki, amwapie kwamba hatamwambia mtu. Saimi akaapa.

Wachezaji wa barafuni huficha maumivu yao, na wake zao huyaficha zaidi. Klabu ikiulizwa, hujibu kwamba fulani anaumwa sehemu ya juu ya mwili, na sehemu hiyo ni kubwa, inaanzia kiunoni inaishia utosini. Mwanamke anayesema zaidi ya hapo amemvua mumewe nguo mbele za watu. Saimi alinyonya desturi hiyo na maziwa ya mama. Lakini asubuhi ya mechi ya saba alivaa koti, akaenda kwa daktari wa timu, akasema yote. Ilmari aliondolewa kikosini akiwa ameshaanza kuvaa. Halla wakafungwa bao moja katika muda wa nyongeza.

Daktari hakumtaja aliyemwambia.

Aliyefungua mlango alikuwa Kerttu, mama yake Saimi, mwanamke aliyeapa zamani kwamba binti yake ataolewa na yeyote amtakaye isipokuwa mchezaji wa Halla. Aliutazama wembe ambao kijana alikuwa ameutoa mfukoni, akamtazama usoni, akampisha. Ilmari alivua viatu, akamsalimu kwa adabu, kisha akaenda kumsalimia na mzee.

Mzee Reino alikuwa kwenye kiti chake pembeni mwa sebule, mahali ambapo pazia halifunguliwi mchana. Ndevu zake nyeupe zilifika kifuani. Alikuwa nahodha wa Halla enzi zake, na jezi yake mpaka leo imetundikwa darini uwanjani. Kichwa chake kiligongwa mara ngapi, hakuna ajuaye, kwa kuwa hakuna aliyesema.

"Nani kashinda?" aliuliza.

"Halla, mume wangu," Kerttu alijibu kutoka mlangoni, bila kusita.

"Basi hakuna kunyoa," alisema mzee, akaridhika.

Ilmari alitazama chini. Watu wa karibu na nyumba ile waliyajua hayo. Msimu wa Reino haukuwa na mwisho. Kuna mwaka Kerttu alimwambia kweli, kwamba wamefungwa, na mzee akalia kutwa nzima, kila alipouliza na kujibiwa analia upya. Tangu siku ile Halla hawajawahi kufungwa ndani ya nyumba ile. Na kwa kuwa hawafungwi, mzee hanyoleki. Kerttu humvizia akilala, akampunguza kwa mkasi.

Jikoni, Saimi alichemsha maji na kukoroga povu la sabuni. Mama yake alimfuata, akarudisha mlango.

"Daktari kanyamaza," alinong'ona. "Na wewe nyamaza."

"Mama."

"Simtaki huyu kijana kuwa mkwe, unajua hivyo. Lakini wewe umemtaka. Basi funga mdomo wako, mnyoe, mle, muoane. Mwanamume atakusamehe mengi, mwanangu, lakini fainali hasamehi. Mimi nilinyamaza, na ndoa yangu ipo mpaka leo."

Saimi alitazama mlango uliorudishwa, na nyuma ya mlango ule sauti ya baba yake ilikuwa ikiuliza tena nani kashinda, na Ilmari anajibu kwa upole kwamba Halla wameshinda. Alibeba bakuli lake akatoka.

Alimkalisha Ilmari karibu na dirisha ili aone vizuri. Ilmari akaomba pazia lifungwe, mwanga unamuumiza macho. Saimi alilifunga, na mkono wake ukakaa kwenye kitambaa muda mrefu kidogo kuliko ilivyohitajika. Sasa sebule ilikuwa na wanaume wawili waliokaa gizani.

Alianza na mkasi. Ndevu za Ilmari zilikuwa na rangi ya asali, nzito kuliko nywele zake, na chini yake uso ulikuwa umekonda. Alimpaka povu. Alifungua wembe wa kukunja, ule wa marehemu baba yake Ilmari, akamwinua kidevu kwa kidole kimoja. Ilmari alifumba macho. Saimi hakuwahi kumpenda kama alivyompenda wakati ule, na laiti angeweza kuusimamisha mchana ule usiende popote, angeusimamisha.

"Nilikuwa naogopa hutanifungulia," Ilmari alisema.

"Kwa nini nisikufungulie?"

"Mji mzima unanitazama kama mtu aliyeikimbia vita. Hawajui kwamba nilitolewa. Wengine wanadhani niliomba." Alinyamaza wembe upite, kisha akaendelea. "Nimeshamjua aliyenisema."

Mkono wa Saimi ulisimama.

"Nani?"

"Petteri."

Petteri Hovi alicheza naye tangu wakiwa watoto wa kukokota viatu vya barafu kwa kamba. Wakisafiri walilala chumba kimoja. Siku ile ya mechi ya sita ndiye aliyemfunga Ilmari kamba za viatu kwenye mapumziko, kwa sababu vidole vyake vilikuwa havimtii. Ilmari aliyaeleza hayo yote taratibu, macho yamefumbwa. Nani mwingine kwenye timu angejua? Petteri alikataa. Aliapa kwa jina la mwanawe mchanga. Ilmari akamwambia aendelee kuapa, Mungu anasikia.

"Jana kwenye sauna ya timu," alisema, "hakuna aliyemsogelea. Aliingia, akasimama pale, kila mtu kakaa kimya kwenye benchi, hakuna aliyempisha nafasi. Akageuka akatoka. Kumi na nane tulikuwamo, hata mmoja hakumwita. Wazee walisema kikulacho ki nguoni mwako."

Saimi aliuosha wembe kwenye maji. Shavu la kushoto lilikuwa limekwisha, jeupe na laini, kama la yule kijana aliyemjua kabla ya mtoano. Shavu la kulia lilikuwa bado povu na ndevu. Aliwaza juu ya Petteri amesimama uchi kwenye mvuke, anatafuta pa kukaa. Angeweza kunyamaza. Petteri angehamia timu nyingine, watu wangesahau, na yeye angepata mume.

"Ilmari," alisema. "Petteri hakusema kitu."

"Unajuaje?"

"Kwa sababu nilisema mimi."

Ilmari hakufumbua macho mara moja. Alipoyafumbua hakumtazama, alilitazama pazia.

"Uliniapia," alisema.

"Niliapa."

"Nilikuwa nimekushika mikono."

"Najua, Ilmari. Bado naisikia."

"Tangu nina miaka mitano naingoja mechi ile. Mama yangu aliuza gari ili ninunuliwe viatu. Mechi moja, Saimi. Wewe ulitakiwa kukaa kimya mpaka jioni tu."

"Ulitapika mpaka ukashindwa kusimama."

"Nani hajawahi kutapika? Baba yako alitapika, akacheza."

Saimi hakuligusa hilo. "Uliniuliza kwa nini mama yako hapigi simu."

"Sikuuliza hivyo."

"Uliuliza. Nikakwambia yuko makaburini, tulimzika wote. Ukalia, nikakushika. Kisha ukaoga, ukatoka, ukaniuliza tena. Mara ya pili nilikosa la kukujibu."

Ilmari aligeuza uso wake na kumtazama kwa mara ya kwanza, povu upande mmoja. Alikuwa akitafuta jambo kichwani mwake, na Saimi aliona kwamba halipati. Alitamani asingeliona.

"Unanitungia," alisema, lakini sauti ilikuwa imepungua. Kisha akalipata la kushika. "Ungeniambia mimi. Ungenikataza mimi, siyo kunizunguka kwa daktari kama mwizi."

"Nilikukataza. Ukakubali. Asubuhi ulikuwa umesahau kama ulikubali."

"Mama yako ndiye aliyekutuma. Hajawahi kunitaka."

"Mimi nilimwambia anyamaze," alisema Kerttu. Alikuwa amesimama kwenye mlango wa jikoni, mikono ndani ya aproni. "Hata sasa hivi nimemwambia anyamaze. Kwa hilo usinisingizie."

Matone yalisikika nje. Ilmari alishika mikono ya kiti.

"Ningekufa pale barafuni ningekufa nimeridhika," alisema. "Ningekufa kwa kitu changu."

"Ungekufa wapi, Ilmari. Hamfi nyinyi," Saimi alisema, na sasa alikuwa akilia. "Mnaishi."

Hakumnyooshea mtu kidole. Hakukuwa na haja. Pembeni pale mzee alikuwa akizichezea ndevu zake, akizisokota kwenye kidole, anacheka peke yake. Ilmari alimtazama, akalitazama pazia la mzee na pazia alilofungiwa yeye, akasimama ghafla mpaka kiti kikaanguka. Alijifuta povu kwa mkono wa shati. Akavaa kofia na viatu bila kufunga kamba, akatoka na nusu ya ndevu zake. Wembe ulibaki mkononi mwa Saimi.

Saimi alirudi kwenye dirisha la jikoni. Alimwona akishuka njia mpaka kwenye masanduku ya barua, pale barabara inapogawanyika, akasimama. Alisimama sana. Alitazama kushoto, akatazama kulia, akashusha kofia dhidi ya jua. Moyo wa Saimi ulianza kumdanganya. Alijiambia kwamba Ilmari anajishauri. Hasira inashuka, mapenzi yanapanda, sasa hivi atageuka.

Na kweli akageuka. Akaipanda njia yote ile, akafika mlangoni, Saimi akafungua kabla hajabisha.

Ilmari hakuinua macho. Ilimchukua muda kulitoa neno, na lilipotoka lilikuwa dogo sana.

"Nyumbani kwangu ni upande gani?"

Alizaliwa Kivisalmi. Alikuwa amepita kwenye masanduku yale kila siku ya maisha yake. Saimi alichukua koti lake, akaukunja wembe akautia mfukoni asiuache pale wazi, akatoka.

Walikwenda bila kushikana mikono, Ilmari mbele hatua moja, Saimi nyuma yake. Kokoto za majira ya baridi zilikuwa bado barabarani, zikilia chini ya viatu. Bibi mmoja aliyekuwa akizifagia mbele ya nyumba yake aliinua kichwa kumsalimu Ilmari, akaiona ile nusu ya ndevu, ufagio ukamsimama mkononi. Alimtazama Saimi, akaelewa, akaendelea kufagia kwa kasi. Jioni ile kila nyumba ingelijua.

Walipofika njia panda ya pili Ilmari alipunguza mwendo.

"Kushoto," Saimi alisema.

"Najua," alisema Ilmari, akapinda kushoto.

Ikawa hivyo mpaka mwisho. Kulia. Najua. Moja kwa moja. Najua. Saimi alizoea kuutazama mgongo ule uwanjani, jina na namba kubwa, ukikata barafu kama vile hauna mwenye kuukamata. Sasa aliutazama ukitembea polepole, ukingoja sauti yake, na alijua kwamba ndiyo mara ya mwisho kuongozana nao.

Mlangoni kwake Ilmari alitafuta ufunguo, akaupata. Saimi alimuuliza kama anaweza kummalizia upande uliobaki. Alimuuliza kwa sauti ya kawaida, kama vile ni jambo la kazi tu.

"Petteri atamalizia," Ilmari alisema. "Akinifungulia mlango."

"Atakufungulia."

"Mimi nisingemfungulia."

"Kesho utakwenda kwa daktari?"

"Nitakwenda."

"Nije nikusindikize?"

Ilmari alikaa na ufunguo mkononi. Upande aliomgeuzia Saimi ulikuwa ule ulionyolewa, na kwenye shavu palikuwa na tone la povu lililokauka. Saimi alijizuia asiinue mkono kulifuta.

"Usije," alisema. "Nakupenda, Saimi, sikufichi. Lakini nikikuona naiona mechi ile. Na nikikumbuka kwamba huenda uliniokoa, nakuchukia zaidi. Sijui utaishi vipi na mtu wa namna hiyo. Mimi sijui nitaishi naye vipi."

Saimi alitaka kumwambia kwamba angeishi naye. Lakini alikuwa amemwona mama yake akiishi hivyo. Mlango ulifungwa taratibu, bila kubamizwa, na hilo ndilo lililomuuma kuliko yote.

Alirudi peke yake kwa njia ileile. Kerttu alikuwa ameshafagia ndevu za rangi ya asali, zimejaa kwenye kizoleo, na hakuwa amezitupa. Alimtazama binti yake.

"Umemfikisha?"

"Nimemfikisha."

"Atarudi?"

Saimi alitikisa kichwa kukataa. Alivua koti. Mama yake alifungua mikono kumkumbatia, lakini pembeni pale kiti kililia, mzee akainua uso wake.

"Nani kashinda?"

Kerttu alikuwa ameshafungua mdomo. Saimi akamtangulia.

"Tumefungwa, Baba."

"Saimi," mama yake alisema.

"Tumefungwa bao moja, muda wa nyongeza. Msimu umekwisha."

Wote wawili walingoja kilio. Mzee Reino alimtazama binti yake. Midomo yake ilitikisika ndani ya ndevu, kisha ikatulia. Akashusha pumzi ndefu, mabega yakashuka nayo, kama mtu aliyeruhusiwa kutua mzigo.

"Tulicheza vizuri?"

"Vizuri sana, Baba. Hakuna aliyetutegemea."

Mzee aliitikia kwa kichwa, ameridhika. Alifungua kifungo cha juu cha shati lake, cha pili kikamshinda, Saimi akamsaidia.

"Basi ninyoe," alisema.

Kerttu aliingia jikoni kuchemsha maji, na kutoka kule walimsikia akilia, kwa mara ya kwanza baada ya miaka mingi akilia kwa sauti. Saimi aliinua kiti kilichoanguka, akakiweka mbele ya baba yake, akakaa. Akazipunguza ndevu zile kwa mkasi, akampaka povu, kisha akatoa wembe wa Ilmari kwenye koti, akaufungua. Mzee aliinua kidevu, akafumba macho, akangoja. Saimi akaanzia upande wa kulia, ule ambao kwa Ilmari hakuufikia.